Nani anashika ufunguo wa intaneti? Maneno yetu kwa vijana wa Kalunguta

(Maneno haya tuliyasema mbele ya vijana na wazazi mu Kalunguta. Wenzetu wengi wa Butembo na Beni wenye hawakufika walituomba tuyaandike. Tunayaweka hapa karibu vile tuliyasema.)



Tunajua leo ni siku ya kazi. Wengine mumeacha kahawa ku jua, wengine mumeacha pikipiki kando ya barabara na wateja wanangoja. Hatutawakawisha sana.

Tuanze na siku moja yenye wengi wenu munakumbuka. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018, inchi yote ilikuwa inapiga kura. Sisi hapa, hapana. Siku ine mbele ya ile, CENI ilikuwa imetangaza kwamba Beni, Butembo na vijiji vya pembeni, pamoja na Yumbi kule Mai-Ndombe, watapiga kura mwezi wa 3. Sababu walizotoa: Ebola na usalama. Lakini Raisi angeapishwa mwezi wa kwanza. Basi kura yetu ingefika wakati chakula kimekwisha kuliwa na sahani zimeoshwa.

Munakumbuka vile watu wa Beni walifanya. Walipanga mustari asubuhi, wakanawa mikono, wakatengeneza masanduku yao wenyewe na wakapiga kura yao wenyewe. Walijua haitahesabiwa. Walitaka tu inchi ione kama wako watu pia. Na inchi ilionaje? Kwa picha. Kwa video zenye vijana walipiga na simu zao na kutuma.

Kesho yake, tarehe 31, intaneti ikakatwa inchi nzima. SMS pia. Karibu siku 20. Mushauri wa Raisi Kabila, Barnabé Kikaya Bin Karubi, alifasiria kwamba ni kwa kulinda utulivu, juu matokeo ya uongo yalianza kuzunguka. Matokeo ya CENI yakatoka tarehe 10 mwezi wa kwanza. Intaneti ikarudi siku zile zile Mahakama ya Katiba ilihakikisha matokeo hayo. Yaani wakati wote wa kuhesabu, kutangaza na kushitaki, wananchi walikuwa mu giza.

Sasa sisi wa huku tuhesabu vizuri. Hatukupiga kura. Hatukuona wenye walihesabu kura za wengine. Na tulikuwa katikati ya Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 na ukatangazwa kwamba umekwisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu 3.470 waligonjwa, 2.287 walikufa. Eneo la afya la Kalunguta lilikuwa ndani ya hesabu hiyo, munajua nyumba zenye ziliguswa. Wakati ugonjwa kama ule unatembea, mutu anahitaji kuuliza: mulango gani wa hospitali uko wazi, nani amegonjwa, mazishi yanafanywa namna gani. Na wakati huo mutu mumoja mu ofisi, kule Kinshasa, aliweza kutia kidole na kuzima.

Njo ulizo letu la leo. Ule mutu alipewa na nani huo ufunguo?

Intaneti inapita wapi

Wengi tunafikiri intaneti ni kitu cha hewani, kama upepo. Hapana. Intaneti ni nyaya, ni antene, ni mashine, na kila mahali kuko mutu anashika kitu.

Ukituma picha toka hapa, simu yako inaongea na antene ya kampuni yako. Antene inapeleka kwa mitambo ya kampuni. Kutoka pale inaingia mu waya mukubwa wenye unaenda mbali, hata chini ya bahari. Waya wa bahari wa kwanza kwa inchi yetu ulifika Muanda, mu mwaka 2013 ukaanza kutumika. Kiisha kuko namba: kila mashine ku intaneti iko na namba yake, na kwa Afrika namba hizo zinagawanywa na AFRINIC, yenye iko Kisiwa cha Maurice. Majina, kama .cd ya inchi yetu, yanapangwa na ICANN, shirika lenye makao yake ni California. Hadi mwaka 2016 serikali ya Marekani ndiyo ilikuwa na neno la mwisho juu ya kazi hiyo. Tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka huo iliachilia, ikasema kazi ibakie mikononi mwa watu wa aina nyingi: serikali, kampuni, mafundi, na mashirika ya raia.

Kwa hiyo mutu akikuambia “intaneti haiko na mwenyewe”, anakosea. Iko na wenyewe wengi. Na mutu mwingine akikuambia “intaneti ni ya serikali”, yeye pia anakosea. Dunia nzima imekubali kwamba hakuna mukono mumoja wenye unapaswa kuishika yote. Ila kwetu, ukifika ku mupaka wa Kasindi, hiyo habari ya mikono mingi inabakia upande mwingine wa barriere. Huku ndani ni mukono mumoja.

Namna wanakata

Watu wanafikiri kuko musoda anapanda ku antene na kukata waya. Hapana. Ni barua tu.

Mwisho wa mwaka 2017, wakati wakristo wa Comité laïc walipanga kuandamana tarehe 31 mwezi wa 12, waziri wa posta na simu, Emery Okundji, aliandikia kampuni za simu: zimeni intaneti na SMS, ni kwa usalama wa taifa. Zikazima. Waandamanaji wakapigwa risasi mu Kinshasa, na familia zikashindwa kujua watoto wao wako wapi.

Ile haikuwa ya kwanza. Mwezi wa kwanza mwaka 2015, wakati watu walikataa sheria yenye ingechelewesha uchaguzi, walikata, na mitandao ya kijamii ikangoja mpaka mwezi wa 2. Mwezi wa 12 mwaka 2016, wakati muhula wa Kabila ulikwisha, wakafunga mitandao tena. Mwezi wa kwanza na wa pili mwaka 2018, kwa maandamano ya wakristo, tena. Na tusidanganyane kwamba ni mambo ya Kabila peke yake. Mwanzo wa mwaka 2025, kiisha Goma kuanguka, watu mu inchi hii walijaribu kufungua X na TikTok wakakuta zimefungwa.

Kampuni zinatii juu gani? Juu leseni yao inatoka kwa serikali. Na sheria ya simu ya mwaka 2002 iliruhusu serikali kukataza mawasiliano kwa sababu ya usalama, ao kwa “sababu ingine yoyote”. Munasikia hayo maneno? Sababu ingine yoyote. Hiyo ni sawa na kumupatia mutu ufunguo wa nyumba yako na kumwambia aingie saa yoyote anataka. Sheria mupya ilikuja tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2020, na Kode ya Numerike ikakuja mu mwezi wa 3 mwaka 2023. Majina ya vitabu yamebadilika. Muandishi wa barua hajabadilika.

Lakini juu ya hizo sheria zote kuko Katiba. Kifungu cha 23 kinasema mutu yuko huru kusema mawazo yake. Kifungu cha 24 kinasema kila mutu yuko na haki ya kupata habari. Kifungu cha 31 kinalinda siri ya mawasiliano yetu. Hakuna pahali imeandikwa “isipokuwa wakati wa kura”.

“Wacha wakate, kama inaokoa watu”

Tulipokuwa tunatayarisha mukutano huu, muzee mumoja wa hapa alituambia: “Watoto wangu, musinichokeshe na intaneti yenu. Wauaji wako na simu. Kama kukata simu kunaweza kuokoa mutu mumoja, bakate.”

Hatutaki kupita juu ya neno la muzee. Yeye amezika watu, na anasema kitu chenye wengi hapa wanafikiri. Tunamujibu kwa heshima.

Muzee wetu, tulipata habari namna gani usiku wa mwisho watu walikimbia toka vijiji vya juu? Hakuna redio iliongea saa ile. Hakuna mukubwa alikuja. Ni mutoto wa shule alimuandikia dada yake, dada yake akaweka ku grupu, na ku grupu njia ya kukimbilia ikajulikana. Wauaji wanajua pori, na walikuwa wanaua mbele ya antene kufika huku. Ukizima, wao wanaendelea na njia zao. Mwenye anabakia kipofu ni mama mwenye watoto watano, hajui kama akimbie Butembo ao Beni.

Kama serikali iko na namba ya muuaji, ikate hiyo namba. Ikamate mwenyewe. Iende mbele ya muamuzi, ionyeshe sababu, na ikate namba hiyo moja. Hatutapinga. Tunakataa kuzima mataa ya muji muzima juu ya kutafuta mwizi mumoja, hasa wakati mwizi mwenyewe anaona mu giza kuliko sisi.

Na sisi wenyewe?

Sasa tuseme yenye inatuuma. Tunaomba musikasirike.

Wakati wa Ebola, uongo ulipita mu simu zetu, hawakuuleta toka Kinshasa. Walisema ugonjwa hauko. Walisema ni biashara. Walisema wanganga wanaua. Tulisikia sauti hizo za WhatsApp, za Kinande na za Kiswahili, na wengi wetu tukazituma mbele bila kuuliza. Tarehe 19 mwezi wa 4 mwaka 2019, mu hospitali ya chuo kikuu mu Butembo, watu wenye silaha walimuua munganga Richard Mouzoko, Mukameruni, mwenye alikuja kutusaidia. Hatusemi kwamba simu ilipiga risasi. Lakini tunajua hewa yenye ilikuwa mu muji siku zile, na tunajua nani aliipuliza. Ni sisi pia.

Na hata leo. Mara ngapi tumeona mutu anaandika “wameingia!” bila kusema wapi, na soko inatawanyika, mizigo inaibiwa, wazee wanaanguka, na kiisha saa mbili inajulikana hakuna kitu? Siku yenye wataingia kweli, nani atakimbia? Mara ngapi tumetuma picha ya maiti mbele ya mama yake kujua kwamba mutoto wake amekufa?

Serikali inapenda sana makosa hayo. Kila barua ya kukata inaandikwa na wino yenye tuliwapatia sisi. Mutu mwenye hapangi nyumba yake, jirani atakuja kuipanga.

Kampuni nazo

Tusisahau wenye tunalipa kila siku. Mutu ananunua mega asubuhi, saa sita zimekwisha, hajui zimekwenda wapi. Akiuliza, anaambiwa apige namba fulani, na ile namba inamusikilizisha muziki. Ku vijiji vingi vya hapa unapanda kilima juu ya kupata rezo, na bei ni ile ile ya Gombe.

Na munakumbuka RAM. Mwezi wa 9 mwaka 2020 walianza kukata feza mu unite zetu, wakisema ni kwa kuandikisha simu. Kwa simu ya 3G na 4G ilipangwa dola 7 kwa mwaka. Hawakutuuliza. Unatia unite, unakuta zimepunguka. Vijana waliandamana, mu bunge wakauliza maulizo magumu, na mwanzo wa mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Hiyo tuishike vizuri mu kichwa: ile RAM haikuondolewa na huruma. Iliondolewa juu watu walikataa kunyamaza.

Jirani zetu wa Uganda walipitia njia hiyo. Mu mwezi wa 7 mwaka 2018 walitozwa shilingi 200 kila siku juu ya kutumia mitandao. Mu mwezi wa kwanza mwaka 2021, siku ya uchaguzi ikikaribia, intaneti ikazimwa kwa siku karibu tano. Wenye wanafanya biashara Kasindi na Mpondwe waliona.

Wengine walifanya nini

Mutu anaweza kusema: mutafanya nini, nyinyi watoto wa Kalunguta? Wenye nguvu wamekwisha kuamua. Tuangalie wengine.

Mu Zimbabwe, mwezi wa kwanza mwaka 2019, karibu siku zile zile sisi tulikuwa mu giza, serikali ilikata intaneti. Watu wakaenda mahakamani. Tarehe 21, mahakama kuu ikaamua kwamba waziri mwenye alitoa amri hakuwa na mamlaka hiyo, na intaneti ikarudishwa. Walishinda na sheria, hawakutupa jiwe hata moja.

Mu Togo, walikata mwaka 2017. Mashirika ya raia yakapeleka serikali mbele ya mahakama ya CEDEAO. Tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, mahakama ikasema kukata kulivunja haki ya watu kusema, na serikali ilipe.

Mu Kenya, vijana wenye walikuwa wanafanya kazi Nairobi ya kuchunguza maneno na picha za Facebook walishitaki Meta juu ya namna walitendewa. Kampuni ikasema haiwezi kuhukumiwa kule. Mahakama za Kenya zikasema inaweza. Basi hata kampuni ya Marekani inaweza kusimama mbele ya muamuzi Mwafrika.

Tunaomba nini

Hatutaki intaneti bila sheria. Pahali pasipo na sheria ni mwenye nguvu anakula, na sisi wa huku tunalijua hilo kuliko wote. Tunataka sheria yenye inamufunga hata mwenye kuiandika. Njo maana tunasema hivi:

1. Hakuna kukata intaneti ya watu wote. Wakati wa kura, wakati wa maandamano, wakati wa ugonjwa, wakati wa vita: hapana. Kama kuko hatari ya kweli, amri itoke kwa muamuzi, iandikwe, itangazwe, iseme sababu, pahali na siku ya mwisho.

2. ARPTC, yenye inasimamia simu na intaneti, isiwe chombo cha Raisi. Leo wakubwa wake wanachaguliwa kwa amri ya Raisi. Tunataka wapite mbele ya bunge na wananchi, na ndani yao wawemo watu wenye wanatetea watumiaji.

3. Kampuni zitangaze kila barua ya kukata zinapokea. Zirudishe mega zenye mutu alilipa na hakutumia.

4. Mufuko wa huduma kwa wote, FDSU, wenye uliwekwa na sheria ya mwaka 2020 kwa kupeleka rezo pahali kampuni hazioni faida, uonyeshe wazi: feza ngapi ziliingia, antene ngapi zilisimama, wapi. Na Kalunguta iko ku namba ya ngapi ku liste?

5. Wabunge wa Butembo na wa Beni, wa muji na wa territoire, wakuje hapa watuambie watafanya nini juu ya hayo. Tutawaandikia barua. Nakala itabandikwa ku ofisi ya shefu na itawekwa hapa ku ukurasa wetu, na majibu yao pia. Mwenye hatajibu, tutaandika kwamba hakujibu.

Na kwetu, kuanzia leo

Hizo tano ni za wakubwa. Hii ni yetu, na haingoji Kinshasa.

Kila mutu mwenye anashika grupu la WhatsApp hapa Kalunguta, tunamuomba aweke sheria ine. Moja: habari ya hatari iseme nani aliona, wapi, na saa ngapi. Mwenye hakuona aseme “nimesikia”. Mbili: picha ya maiti haipiti. Tatu: mwenye alituma uongo anarudi mu grupu lile lile na kusema “nilikosea”, na hatumucheki. Ine: hakuna kutaja kabila la mutu juu ya kumushitaki.

Sheria hizo ni ndogo. Lakini zitaonyesha kwamba wananchi wanaweza kuongoza kitu chao bila fimbo. Siku waziri atasema tena “tunakata juu watu wa huku hawajui kutumia”, tutamuonyesha namna tunatumia.

Mama mumoja aliuliza mbele hatujaanza: “Mimi niko na simu ndogo ya tochi. Intaneti inaniangalia wapi?” Mama, siku ile walikata, walikata na SMS zako. Mutoto wako mwenye anasoma Butembo hakuweza kukuandikia hata neno moja. Na wakati bei ya kahawa inapanda Butembo, mwenye anajua mbele ni muchuruzi mwenye simu kubwa, na wewe unamuuzia ku bei ya jana. Basi inakuangalia.

Mwaka 2018 walitunyima kura, kiisha wakazima mataa ili tusione wengine walihesabiwa namna gani. Uchaguzi utarudi tena. Hatujui siku hiyo barua itaandikwa na nani. Lakini tunataka kila mwenye atashika kalamu ajue kwamba huku Kalunguta kuko watu wanajua namna barua ile inaandikwa, wanajua sheria gani inaikataza, na wanajua mulango wa mahakama uko wapi.

Mwenye yuko na grupu, abakie kidogo. Tuandike zile sheria ine pamoja, kila mutu aende nazo ku simu yake.